Vidonge vinne vya Helsinki

Mwezi Machi mwaka 2000, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, mwanamke mmoja wa makamo alianza kumeza vidonge vinne kwa siku. Kila kimoja kilikuwa na miligramu 100 za dawa iliyokuwa ikijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya damu. Duniani kote hapakuwa na mtu mwenye maradhi kama yake aliyewahi kuitumia. Alikubali kuwa wa kwanza kwa sababu dawa nyingine zote zilikuwa zimeshindwa.

Maradhi yalimwanza kwa upole. Oktoba 1996 tumbo lilikuwa likimsumbua kidogo tu. Madaktari walipomfanyia upasuaji walikuta vivimbe viwili vikubwa kwenye mfuko wa chakula, kimoja chenye kipenyo cha sentimita 10, na vinundu vingine vimetawanyika kwenye utando wa tumbo. Wakaviondoa. Mwaka 1998 maradhi yakaonekana kwenye ini, naye akarudi kwenye meza ya upasuaji. Akapewa mizunguko saba ya kemotherapi kali, ile inayonyonyoa nywele na kumlaza mtu kitandani, na vivimbe vikaendelea kukua kana kwamba ametiliwa maji mshipani. Ikajaribiwa thalidomidi, ikajaribiwa interferoni. Wapi.

Wiki mbili baada ya kidonge cha kwanza, picha ya MRI ilionyesha vivimbe vimeanza kunywea. Mwezi ulipotimia alipigwa PET, kipimo kinachoonyesha seli zinazokula sukari kwa pupa, na pale palipokuwa na saratani hapakuonekana pupa yoyote. Kufikia Oktoba, vivimbe 6 kati ya 28 vya kwenye ini vilikuwa vimetoweka na hakuna kipya kilichochipuka. Daktari Heikki Joensuu na wenzake waliandika habari hizo katika jarida la New England Journal of Medicine, toleo la Aprili 2001. Mgonjwa wao hawakumtaja jina. Hata hivyo, kila anayeishi leo na saratani ya aina ile anapita katika njia ambayo mama huyo aliipasua.

Saratani yenyewe iko katika ukoo wa sarkoma. Saratani ambazo watu wetu wanazisikia zaidi, za matiti, shingo ya kizazi, koo na tezi dume, nyingi huanzia kwenye utando uliotanda juu au ndani ya viungo. Sarkoma huanzia kwenye tishu laini zinazoubeba na kuuunganisha mwili: misuli, mafuta, mishipa ya damu, neva, nyuzi za kuta za matumbo. Zipo pia za mifupa. Kwa watu wazima, sarkoma zote kwa pamoja hazizidi sana asilimia 1 ya saratani zote, na ndani ya asilimia hiyo moja mna aina zaidi ya 70, kila moja na tabia yake. Daktari wa wilaya anaweza kustaafu bila kukutana na aina nyingi kati ya hizo.

Afrika Mashariki inaijua sarkoma moja vizuri mno, ile ya Kaposi, yenye madoa ya zambarau na miguu inayovimba. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa Kampala mwaka 1967, ilikuwa ikiitibu miaka mingi kabla ya UKIMWI kuitangaza dunia nzima. Kwa Kaposi, hata muuguzi wa zahanati hutambua dalili na kumwelekeza mgonjwa pa kwenda. Aina nyingine hazina bahati hiyo, na ya mama wa Helsinki ni mojawapo. Kitabibu ni uvimbe wa stroma wa njia ya chakula. Madaktari kote duniani huuita kwa kifupi GIST.

Katika nchi zilizofanya hesabu, GIST huwapata watu 10 hadi 15 katika kila milioni kwa mwaka. Tuchukue Tanzania, ambayo sensa ya 2022 iliikuta na watu milioni 61.7. Kwa kiwango hicho wangekuwa wagonjwa wapya 600 hadi 900 kila mwaka. Watu wetu wengi ni vijana, na GIST huwafuata zaidi waliovuka miaka 50, kwa hiyo idadi halisi inapaswa kuwa chini ya hapo. Hata ikipunguzwa nusu, ni watu wa kujaza mabasi kadhaa. Ni vigumu kuamini kwamba wote hao hufika mbele ya daktari anayelijua jina la ugonjwa wao.

Na jina ndilo kiini cha mkasa huu wote.

Kwa miongo mingi vivimbe hivi viliitwa saratani ya misuli laini ya tumbo, kwa kuwa chini ya hadubini vilifanana nayo. Mwaka 1983 wataalamu wawili wa patholojia nchini Marekani, Michael Mazur na Brent Clark, walisema vingi kati ya vivimbe hivyo havina sifa za misuli wala za neva, wakapendekeza viitwe vya stroma. Lilikuwa jina la kushika nafasi tu. Jibu lilitoka Osaka, Japani, mwaka 1998. Timu ya Seiichi Hirota na Yukihiko Kitamura ilionyesha kwamba vivimbe hivyo vina undugu na seli za Cajal, zilizopewa jina la Mhispania Santiago Ramón y Cajal. Seli hizo hukaa katika kuta za matumbo na kazi yake ni kupiga mdundo: ndizo zinazoyaamuru matumbo yajikunje na kujikunjua, chakula kipate kusogea. Juu ya uso wake zina protini iitwayo KIT, ambayo hufanya kazi kama swichi. Ikiguswa na kichocheo chake, seli hukua. Isipoguswa, seli hutulia. Kwa wagonjwa wa GIST, waligundua Wajapani, jeni ya KIT imebadilika na swichi imekwama upande wa kuwaka.

Tayari dunia ilikuwa na kitu cha kuizima, ingawa kilitengenezwa kwa ajili ya ugonjwa mwingine. Imatinib, iliyokuja kuuzwa kwa jina la Glivec, ilitoka katika maabara za kampuni ya Ciba-Geigy mjini Basel, Uswisi, ambayo baadaye iliungana na nyingine kuwa Novartis. Lengo lilikuwa aina moja ya saratani ya damu, na tangu 1998 daktari Brian Druker wa Portland, Marekani, alikuwa akiwapa wagonjwa wa saratani hiyo kwa mafanikio yaliyowashangaza wenzake. Ilijulikana kwamba dawa ileile huizima na KIT. Kilichobaki ni mtu wa kuunganisha nyuzi hizo mbili ndani ya mwili wa mgonjwa aliye hai.

Baada ya Helsinki mambo yalikwenda mbio. Katika majaribio yaliyoanza mwaka huohuo wa 2000 Marekani na Finland, wagonjwa 147 walipewa vidonge, na vivimbe vya zaidi ya nusu yao vikapungua kwa kiwango kikubwa. Dawa kuu ya sarkoma kabla ya hapo ilikuwa haiwasaidii wenye GIST hata mmoja katika kila ishirini. Februari 2002 Marekani iliidhinisha imatinib kwa GIST, hata miaka miwili haijatimia tangu mama yule ameze kidonge cha kwanza. Wengi katika wale 147 walikuwa wameambiwa wajiandae kwa miezi. Nusu yao waliishi zaidi ya miezi 57, na wapo waliovuka miaka kumi.

Ukiuangalia vizuri, mwili wa mama yule haukuwa umebadilika kati ya 1996 na 2000. Uvimbe ulikuwa uleule. Ulipoitwa saratani ya misuli, tiba ilikuwa ya saratani ya misuli na haikufua dafu. Ulipotambuliwa kuwa ugonjwa wa KIT, ukanywea kwa vidonge.

Kuishi na vidonge hivyo ni habari nyingine, ndefu kuliko ya ugunduzi, na haiandikwi sana.

Kipimo cha kawaida ni miligramu 400, mara moja kwa siku, pamoja na mlo na glasi kubwa ya maji. Dawa ikikutana na tumbo tupu huchoma na kuleta kichefuchefu, kwa hiyo wengi huifungamanisha na mlo ulio mzito zaidi nyumbani mwao. Asubuhi mgonjwa huamka kope zimevimba, macho membamba kama ya aliyekesha akilia. Ni maji yanayojikusanya chini ya ngozi, na hupungua kadiri siku inavyosogea. Usiku vigimbi hukaza ghafla, mtu akaruka kitandani. Kuhara huja na kuondoka. Uchovu ukishaingia hukaa, nao ndio unaowatesa walio kazini, kwa maana hauonekani kwa macho na mwajiri hana pa kuuandika.

Kuna na suala la rangi. Swichi ya KIT haiko tumboni peke yake. Ni hiyohiyo inayozitunza seli zinazoipa ngozi weusi wake. Dawa ikiizima kwenye uvimbe, inaizima na usoni. Mzungu huenda asiligundue. Kwa mtu mweusi au wa maji ya kunde, ngozi hupauka waziwazi, kwa wengine sawasawa, kwa wengine kwa mabaka. Mitaani kwetu mwanamke anayeanza kuwa mweupe ghafla huulizwa anatumia mkorogo gani. Mgonjwa hujikuta njia panda: aeleze saratani ambayo hakutaka mtaa mzima uijue, au awaache waamini kwamba anajikoboa. Vitabu vya tiba huiweka hali hiyo katika fungu la athari ndogo, na dawa ikisimamishwa rangi hurudi. Kwa anayepita sokoni kila siku na kukaa na wenzake kwenye vikoba, si ndogo hata kidogo, na daktari anayemwandikia dawa hii mtu wa Dar es Salaam au Mombasa angemtendea haki kwa kumwambia mapema.

Yapo pia ya kuepuka. Balungi na maji yake huzuia ini kuivunjavunja dawa, ikazidi mwilini. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu inayotolewa katika kila wilaya ya ukanda huu, hufanya kinyume chake: huchochea ini kuivunja imatinib haraka mno hata sehemu kubwa yake ipotee kabla ya kufanya kazi. Baadhi ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI nazo huingiliana nayo. Mgonjwa anayetibiwa maradhi mawili katika majengo mawili, kila jengo na faili lake, ndiye aliye hatarini zaidi. Na mwanamke aliye katika umri wa kuzaa hapaswi kubeba mimba akiwa anatumia dawa hii.

Halafu kuna siku za picha. Kila baada ya miezi mitatu hadi sita mgonjwa hulala ndani ya mashine ya CT, kisha husubiri majibu, na wiki hiyo ya kusubiri wagonjwa wengi huiona ngumu kuliko dawa yenyewe. GIST ina tabia moja inayowachanganya hata madaktari. Uvimbe unaokufa kwa dawa hii unaweza kubaki na ukubwa wake, au hata kuonekana umeongezeka, kwa kuwa nyama yake imegeuka kitu kama maji maji. Anayepima kwa rula peke yake atasema dawa imeshindwa. Mwaka 2007 daktari wa picha Haesun Choi na wenzake wa Houston, Marekani, walichapisha vigezo vya kutazama pia uzito wa kivuli cha uvimbe, si upana wake tu. Pale ambapo vigezo hivyo havijafika, mtu anaweza kuachishwa dawa inayomsaidia.

Kuachishwa huko kuna gharama inayojulikana kwa tarakimu. Watafiti wa Ufaransa, katika utafiti walioupa jina BFR14, waliwachukua wagonjwa 58 waliokuwa wamekaa mwaka mzima bila uvimbe kukua, wakawagawa: 32 wasimamishe dawa, 26 waendelee. Kati ya walioendelea, ugonjwa ulirudi kusonga mbele kwa 8. Kati ya waliosimamisha, ulirudi kwa 26. Wengi wao waliporejeshewa vidonge vivimbe vilitulia tena, lakini somo lilieleweka: kwa mwenye GIST iliyosambaa, dawa hii haina siku ya mwisho. Kwa aliyeondolewa uvimbe wote na bado yumo katika hatari kubwa ya kurudiwa, Joensuu na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba miaka mitatu ya vidonge inashinda mwaka mmoja. Baada ya miaka mitano walikuwa hai asilimia 92 ya waliomeza kwa miaka mitatu, na asilimia 82 ya waliomeza kwa mwaka mmoja.

Dawa isiyo na siku ya mwisho humkabili mtu wa kipato cha kawaida kama kodi ya nyumba isiyolipika. Wakati India ikibishana na Novartis mahakamani, dawa yenye nembo ilitajwa kugharimu takribani dola 2,600 kwa mwezi, na ile iliyotengenezwa na viwanda vya India chini ya dola 200. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikataa ombi la hataza ya kampuni tarehe 1 Aprili 2013. Uamuzi ule ulisikika mbali, kwani sehemu kubwa ya dawa zinazoshushwa katika bandari zetu hutoka huko.

Kabla ya hapo mlango ulifunguliwa na familia moja iliyofiwa. Pat Garcia-Gonzalez, mzaliwa wa Argentina, alimpoteza mtoto wa mumewe, Max, kwa saratani ya damu kijana akiwa na miaka 17. Mwaka 1997 alisaidia kuanzisha Max Foundation huko Marekani. Tangu 2002 taasisi hiyo na Novartis ziliendesha mpango wa kuwapa Glivec bila malipo wagonjwa wa saratani ile ya damu na wa GIST katika nchi zenye kipato kidogo, Kenya na Tanzania zikiwemo. Wagonjwa wa Kenya waliichukulia Nairobi, na wengine walikuwa wakitoka mbali sana na jiji. Kupewa dawa bure ni neema kubwa, ila nauli haikuwa bure, wala siku za kibarua zilizopotea njiani. Masharti yalikuwa wazi: mgonjwa wa GIST alipaswa kuwa na majibu ya maabara yanayothibitisha KIT. Asiye na jina la ugonjwa wake hakuwa na pa kuandikishwa.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiingiza imatinib katika orodha yake ya dawa muhimu, GIST ikitajwa kwa jina. Serikali yoyote inayopanga manunuzi au kitita cha bima ya afya sasa ina karatasi ya kuegemea.

Si kila mgonjwa anaitikia. Kwa wengi wenye ugonjwa uliosambaa, baada ya miaka kama miwili hivi swichi hubadilika umbo tena na dawa hukosa pa kushika. Zimekuja nyingine za kupokezana: sunitinib mwaka 2006, regorafenib 2013, ripretinib 2020, na mbali na Ulaya na Marekani zinapatikana kwa taabu. Wengine wana mabadiliko katika kipande cha KIT ambacho huhitaji dozi mara mbili. Kundi dogo limebadilika katika jeni nyingine kabisa, PDGFRA, kwa namna ambayo imatinib haiigusi tangu siku ya kwanza. Hao walisubiri hadi 2020, ilipoidhinishwa avapritinib. Kwa hiyo hata ndani ya GIST mna majina, na aliyeambiwa jina nusu anaweza kumeza dawa isiyomhusu kwa mwaka mzima.

Dalili zenyewe ni za kupotosha. Uvimbe huota ukutani mwa mfuko wa chakula, kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa, au ukutani mwa utumbo mwembamba. Unaweza kukua muda mrefu bila maumivu. Mtu hushiba haraka. Hupungukiwa damu bila sababu. Choo huwa cheusi kama lami, kwa sababu uvimbe unavuja damu ndani. Katika mazingira yetu dalili hizo zote zina jibu la haraka: vidonda vya tumbo. Hutolewa dawa za vidonda, mgonjwa akaongezewa damu, akarudi nyumbani, na mwezi wa tatu yuko tena kwenye benchi lilelile. Vidonda vya tumbo ni vingi kwelikweli, na wahudumu hawastahili kulaumiwa kwa kuanza navyo. Damu inayopungua mara ya pili na ya tatu ndiyo inayopaswa kumpeleka mtu kwenye mpira wenye kamera na kwenye picha ya CT.

Uvimbe ukishatolewa, hukatwa vipande vidogo vinavyogandishwa ndani ya nta, na vipande hivyo hudumu miaka mingi kabatini. Kipimo cha kutambua GIST hufanywa kwa kupaka rangi maalumu inayoishika KIT. Kwenye karatasi ya majibu huandikwa CD117. Si kila maabara ina rangi hiyo, lakini nta husafirishika, na kipande kilichotolewa mwaka juzi katika hospitali ya mkoa kinaweza kupimwa leo Dar es Salaam au Nairobi. Ndugu wa mgonjwa aliyeambiwa kuwa na saratani ya misuli ya tumbo, na ambaye karatasi yake haina neno CD117, wana haki ya kwenda dirishani kuuliza iko wapi nta ya mgonjwa wao. Huko Finland pia walifanya hivyo. Uvimbe wa mama yule ulirudiwa kupimwa, CD117 ikajibu ndiyo, na jeni ya KIT ikakutwa imebadilika.